Saa Aliyoitaja Jirani

Bisha. Ndiyo, wewe uliyekunja nne hapo ukitabasamu kama mtu aliyekwisha kusikia kila kitu, bisha kabisa. Sema majini ni maneno ya kuwatishia watoto wasitoke nje. Mimi sikuapii. Shule niliikimbia mapema, mwalimu wa hesabu nadhani bado ananitafuta, lakini nina masikio mawili, macho mawili na dada mmoja, na habari hii ni ya dada. Tumbo moja, ziwa moja. Ukimwita yeye muongo umeniita mimi, na mimi nikiitwa muongo huwa silali na deni. Na nikwambie mapema, usije ukasema nilikuvizia: mwishoni jini anaondoka, na anayemwondoa si mganga wala msomi. Ni huyu huyu unayemwona mbele yako. Kwa sentensi moja tu. Sasa kunja nne vizuri.

Dada anafanya kazi kwenye gari la wagonjwa. Si dereva, yeye ndiye anayekaa nyuma na mgonjwa. Wenzake wamembandika jina la Dakika, na jina limemkaa kama soksi. Ukimwalika chakula anauliza kitaiva baada ya dakika ngapi. Ukimwambia unaumwa kichwa, kabla hajakupa pole anataka kujua kilianza saa ngapi. Mama alikuwa akimtania: "Huyu atakuja kuolewa na saa ya ukutani."

Lakini ana sababu. Mtu akipigwa na kiharusi, mshipa wa kichwani umeziba na ubongo unakosa damu. Hospitali kubwa wana dawa ya kuyeyusha lile donge. Mgonjwa akiiwahi, aliyepinda mdomo anaweza kurudi nyumbani kwa miguu yake. Ila inapewa ndani ya masaa manne na nusu tu, tena hayahesabiwi tangu alipokutwa ameanguka. Yanahesabiwa tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima. Muda ukishapita, dawa ile ile inaweza kupasua mshipa na kumwaga damu ndani ya kichwa. Kwa hiyo Dakika akiingia nyumba ya watu huwa na swali moja analolipenda kuliko salamu: "Mara ya mwisho ameonekana mzima saa ngapi?" Jibu analiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye plasta nyeupe, anaibandika kifuani kwa mgonjwa, basi. Daktari wa zamu anasoma kifua kabla hajasoma karatasi.

Sasa angalia ubaya ulipopenyea.

Siku hiyo waliitwa kwa fundi cherehani. Mchana kweupe, jua limesimama utosini. Dereva wake, mzee mmoja wanayemwita Honi kwa sababu anacheka kwa sauti ya lori, aliegesha mlangoni, wakaingia na machela. Fundi alikuwa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, utepe wa kupimia bado shingoni. Dakika akapiga magoti.

"Baba, cheka nione meno."

Mdomo ukacheka upande mmoja.

"Inua mikono yote miwili. Ibakishe juu."

Wa kulia ukabaki. Wa kushoto ukashuka taratibu kama bendera isiyo na upepo.

"Sema: leo nimeshona suruali mbili."

Kilichotoka kilikuwa uji wa maneno. Dakika akamtoboa kidole apime sukari, maana sukari ikishuka nayo hujifanya kiharusi. Ilikuwa sawa. Akainua kichwa: watu kumi wamejaa chumbani, kila mmoja anasema lake, mke wa fundi anapiga mayowe barazani.

"Mara ya mwisho ameonekana mzi..."

"Jana jioni," ikajibu sauti nyuma ya bega lake. "Jana saa mbili alikuwa mzima. Tangu hapo hakuna aliyemwona."

Ilikuwa sauti ya mtu mtaratibu, mwenye adabu zake. Dakika akageuka nusu, akaona shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Jirani, akajiambia. Kila nyumba yenye balaa huwa na jirani mmoja wa namna hiyo, anayejua kila kitu wakati wenye nyumba wamechanganyikiwa. Akaandika plasta. Jirani akashika pembe ya machela, akasaidia kubeba mpaka garini, na walipokuwa wakifunga mlango Dakika akasikia harufu ya nguo mbichi inayopigwa pasi ya moto, karibu sana, kama mtu anaipiga mgongoni kwake. Akageuka. Palikuwa na watoto tu wanaochungulia gari.

Hospitali daktari akasoma kifua, akatikisa kichwa. Muda umepita. Dawa haikutolewa.

Siku tatu baadaye Dakika alipita wodini kumjulia hali. Mke wa fundi alikuwa akimlisha mumewe kwa kijiko, na nusu ya uji ilikuwa ikirudi kidevuni.

"Dada yangu," mke akasema, "daktari anasema mlichelewa. Mlichelewaje? Mume wangu alikuwa anashona saa sita. Mimi mwenyewe nilimpelekea maji ya kunywa, akanitania. Natoka, narudi, yuko chini. Hata robo saa haikuisha mkawa mmefika."

Dakika akasogea karibu na kitanda. "Mama, tuliambiwa tangu jana."

"Na nani?"

"Jirani yenu. Yule wa shati jeupe, mrefu kidogo. Alitusaidia machela."

Mke akaweka kijiko chini.

"Yule si mwenzenu?" akauliza kwa sauti ndogo. "Sisi tulidhani amekuja na gari lenu."

Umeona? Usiniambie hujasisimka, naona mkono wako. Sisi tunadhani ni wao, wao wanadhani ni sisi. Hapo katikati, pasipo na mwenyewe, ndipo alipokaa.

Dakika alimhadithia Honi wakiwa kituoni, mlango umefungwa, redio ya upepo imepunguzwa sauti. Alitegemea mzee acheke. Mzee hakucheka. Alichukua kitambaa akaanza kufuta usukani uliokuwa msafi tayari.

"Alinukia pasi?" akauliza.

"Mzee, nani kakwambia?"

"Teremsha sauti, mwanangu." Honi akachungulia nyuma, kule kunakokaa machela, kama mtu anayehofia kumwamsha mgonjwa. "Niliyeendesha naye nilipoanza kazi alimwona. Mimi nilimcheka. Alisema yule hali nyama wala hanywi damu, anakula masaa. Yale unayodhani umebakiza, yeye ndiyo chakula chake. Mtu anaweza kupona, jini anataja saa isiyo yake, na muda wote uliobaki unaingia tumboni mwake."

"Akafanya nini huyo mwenzako?"

"Aliacha kuuliza watu walio mlangoni. Alikuwa anamtafuta aliyeona kwa macho yake, anamshika mkono, anamwambia: sema wewe. Alisema ikitajwa saa ya kweli na aliyeshuhudia, yule hawezi kubaki chumbani. Anaondoka kama moshi." Honi akaacha kufuta. "Ila alinionya: yule huwa anakumbuka aliyemnyima."

"Mzee, na wewe unaniambia leo?"

"Ungeniamini juzi?"

Zikapita wiki mbili za kawaida. Pikipiki, mimba, mlevi aliyeanguka mtaroni akadai amesukumwa na mtaro. Dakika alianza kudhani yeye na Honi wamechoka tu. Kisha wakaitwa saluni.

Binti mmoja msusi alikuwa ameanguka kati ya viti, mwili unatingishika wote, macho yamegeuka, povu mdomoni. Wateja wawili walikuwa wamemkalia miguu. Mwingine anasukuma mpini wa kitana katikati ya meno yake, na nyuma mama mmoja anamsomea pepo amri ya kutoka, kwa sauti ya kuuza samaki.

"Toa kitana!" Dakika akafoka. "Mtamvunja meno! Ninyi, tokeni miguuni. Msimshike, sogezeni viti tu asijigonge."

"Ana pepo huyu!" mama akasema.

"Awe na pepo, awe na kifafa, mama, wote wanahitaji kupumua. Nipe hilo taulo."

Akamlaza ubavu, taulo chini ya kichwa, akamfungua kola, akamwekea hewa, akapima sukari. Sasa ikabaki hesabu. Degedege ya dakika moja au mbili mara nyingi huisha yenyewe, unasubiri ukimlinda. Ikivuka tano hungoji, unatoa dawa, maana ubongo unaungua kama mota iliyokwama.

"Imeanza sasa hivi," ikasema sauti ya adabu. "Dakika moja tu. Itaisha."

Na harufu ikaja, harufu ya pasi juu ya kitambaa kibichi. Dakika hakugeuka. Mbele yake palikuwa na ukuta wa vioo vitatu vya saluni, na katika kioo cha kwanza alimwona Jirani amesimama mlangoni, shati jeupe, mikono nyuma, na katika cha pili alikuwa amekwisha kupita mlango na kufika kwenye kiti cha katikati, na katika cha tatu alikuwa ameinama juu ya bega lake yeye mwenyewe Dakika, karibu kiasi kwamba angevuta pumzi zingegusana, isipokuwa kifua cha shati lile hakikupanda wala kushuka, na mdomo wake ulikuwa unacheka upande mmoja tu, upande ule ule ambao fundi cherehani alibakiwa nao.

Mikono yake ilitaka kumwamini. Aliniambia hivyo mwenyewe, na dada si mtu wa kupamba. Alisema sauti ile ilikuwa tamu kama ruhusa ya kupumzika.

Akamshika mwenye saluni kiganja, akakibana. "Wewe uliona. Usimtazame mtu, nitazame mimi. Ilianza lini?"

"Sijui, mwanangu, sikuangalia sa..."

"Ulikuwa unafanya nini alipoanguka?"

"Nilikuwa... redio. Taarifa ya habari ya saa saba ilikuwa inaanza. Ndiyo! Msomaji anasalimia, huyu akaanguka."

Honi akatazama mkononi. "Saa saba na dakika kumi na mbili," akanong'ona.

Dakika akavuta dawa kwenye bomba, akaipuliza puani kwa binti. Wakangoja. Mwili ukatingishika, ukatingishika kidogo, ukatulia. Binti akavuta pumzi nzito yenye mkoromo, na saluni nzima ikavuta pamoja naye.

Dakika akainua macho kwenye vioo. Kwenye vyote vitatu Jirani alikuwa anarudi nyuma kuelekea mlangoni, bila kugeuka, bila kunyanyua miguu. Alipofika kizingitini akasema neno, na Dakika anaapa hakuna mwingine aliyelisikia.

"Umeninyima," akasema kwa upole. "Na siku nikija kwa mama yako, atanijibu nani?"

Tangu siku hiyo dada akawa mtu wa kupiga simu. Asubuhi anampigia mama, mchana anampigia mama, akiwa chooni anampigia mama. "Mama, cheka nisikie." Mama anacheka kweli, si kwa sababu ameambiwa acheke, bali kwa sababu ya ujinga wa swali. "Mama, umekunywa dawa ya presha?" Mimi nilikuwa naishi na mama wakati huo, sina kazi ya maana, nalala mpaka jua linanitoa kitandani. Dada akanikalisha kitako.

"Sikiliza, mdogo wangu. Wewe ndiye uko naye. Nataka ujue kila saa yuko vipi. Akibadilika sura, akishindwa kushika kikombe, akisema maneno mazito, usisubiri, usimpe maji, usimlaze ukaenda. Piga simu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari."

"Usinitanie."

"Nakutania nini? Mimi ndiye saa ya mama. Tik, tak."

Alinipiga kofi la kisogo, lakini alicheka. Hayo nayaleta ujue kwamba kazi ya kumlinda mama ilikuwa na mwenyewe.

Haya. Siku yenyewe. Tangu alfajiri wagonjwa walifuatana, dada hakupata hata nafasi ya kumpigia mama. Gari lilikuwa limetoka kumshusha mgonjwa, saa saba na dakika arobaini mchana, redio ya upepo ikakohoa. Mwanamke, miaka hamsini na tisa, amekutwa chini jikoni, mdomo umepinda. Msichana wa mitambo, yule anayepokea simu za wagonjwa, akataja mtaa. Akataja nyumba. Honi akamtazama Dakika, Dakika akatazama mbele, na mzee akawasha king'ora.

Ninyi mnaojua kukimbia, kimbieni. Dada anasema njia ile, anayoijua tangu akiwa na kamasi, siku hiyo ilirefuka. Alikuwa anahesabu. Kutoka pale walipo hadi nyumbani dakika tisa, kumpakia dakika sita, hadi hospitali kumi na tano, picha ya kichwa ishirini ikiwa mashine haina foleni, na kila alipofika kwenye jumla aliona kuna tarakimu moja haipo, ile ya mwanzo, ile ambayo bila yake nyingine zote ni kelele, na alijua kuna mtu ameshatangulia kwenda kuijibu.

Akaingia. Mama alikuwa sakafuni jikoni, amelala ubavu, mto chini ya kichwa. Mto niliuweka mimi, sifa kwa mwenye sifa. Mkono wa kulia umelala kama si wake. Macho yalikuwa wazi, yanatutazama.

"Mama, ni mimi. Cheka nione meno."

Upande mmoja.

"Inua mikono."

Mmoja.

"Mama, sema jina langu."

Mama akafungua mdomo. Akafanya juhudi mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Hakikutoka kitu. Dakika akapima sukari, ikawa sawa, akapima presha, ikawa juu lakini si ya kuzuia dawa. Honi ameshaleta machela. Nami nimesimama ukutani.

Kisha jikoni kukanukia pasi.

Ninyi mnaobisha, nilikuwepo. Sikuambiwa na mtu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, na mlango ule nilikuwa nimeufunga kwa komeo kwa mkono wangu. Shati jeupe. Jua liko nyuma yake lakini kivuli hakipo mbele yake. Uso wake ulikuwa wa mtu unayemjua, ukijaribu kukumbuka ni nani unashindwa, na kadiri ulivyoshindwa ndivyo ulivyotaka kumwomba radhi kwa kumsahau. Mdomo wake ulikuwa umepinda upande wa kulia. Kama wa mama.

Dakika hakuwa amefungua mdomo kuuliza.

"Saa moja asubuhi," Jirani akasema. Akaitaja taratibu, kila neno na nafasi yake. "Mara ya mwisho alikuwa mzima kabla ya saa moja asubuhi."

Honi akaangusha kamba ya machela. "Mwanangu, usimsikilize," akanong'ona. "Usiandike. Usiandike hiyo."

Na dada hakuandika. Alikuwa na kalamu mkononi na plasta imeshachanwa, lakini hakuandika, maana kutoka saa moja mpaka pale yalikuwa yamekaribia masaa saba, na saba maana yake ni kitanda, na kijiko, na uji unaorudi kidevuni, na mama yetu anayetukana watu kwa utani tangu asubuhi mpaka jioni akinyamaza mpaka kaburini. Akageuka kwangu. Akanishika kiganja, akakibana mpaka mifupa ikalia.

"Wewe ulikuwa naye," akasema. "Usimtazame yule. Nitazame mimi. Uliona kwa macho yako. Mara ya mwisho mama ameonekana mzima saa ngapi?"

Jokofu likaacha kuunguruma. Nikamtazama dada. Nikasema, kwa sauti iliyonyooka:

"Saa tano na robo alikuwa hapa anachambua mchele, akaniambia mimi mvivu."

Na yule jini akaondoka. Bisha sasa! Shati lilififia kuanzia mikunjo, harufu ikakatika kama umechomoa waya, na pale mlangoni pakabaki jua na komeo limefungwa vile vile. Honi akapiga magoti akalia kama mtoto. Dada akaandika kwenye plasta saa tano na robo, akaibandika kifuani kwa mama, akambusu paji la uso, wakaondoka naye. Saa nane na nusu wakawa hospitali. Daktari akasoma kifua, akaona muda upo, wakapiga picha ya kichwa, na saa nane na dakika hamsini dawa ikaingia mshipani.

Kituoni walinipigia makofi. Honi aliwaambia wote: mtoto wa watu hana shule lakini ana moyo, alisimama mbele ya kitu kile akasema kweli bila kupepesa. Na tangu siku hiyo Jirani hajaonekana tena, si na gari lile wala jingine. Mama yuko hai. Jini amekwenda. Nilikuahidi sentensi moja, nimekupa.

Sasa mbona hunyanyuki?

Haya. Kaa. Kuna sehemu nimeiruka. Hata dada hajaisikia, na usimpelekee.

Saa moja asubuhi ya siku ile mama aliingia chumbani kwangu na kikombe cha chai. Kikaanguka mlangoni. Nikafumbua jicho moja. Akasema kitu, na maneno yake yalikuwa mazito, yanaburuza, na mimi, saa ya mama, tik tak, nikacheka. Nikamwambia, "Mama, umeanza kulewa kabla ya jua kupanda?" Nikajifunika shuka. Nilimsikia akitoka anagusagusa ukuta. Nikalala mpaka saa saba na nusu njaa iliponiamsha.

Sikumwona saa tano. Hakuna mchele uliochambuliwa. Dada aliponishika kiganja niliona kwamba nikisema kweli nitakuwa nimesema na mengine yote, kikombe, kicheko, shuka. Kwa hiyo nikatafuta saa ya mtu mwema. Nikaichagua saa tano, na robo nikaiongezea mwenyewe, maana uongo wenye robo unaaminika.

Jirani alisema saa moja, na ilikuwa saa moja. Siku ile, kati ya watu wote waliokuwa jikoni, aliyesema kweli alikuwa yeye. Hatukumfukuza, ndugu yangu. Aliposikia jibu langu alinitazama kwa adabu, akainamisha kichwa kidogo, kama unavyomwachia mtu zamu. Kisha akaenda zake.

Dawa ilipoingia, kabla ya jioni damu ikamwagika kichwani kwa mama. Madaktari walimwahi, hakufa. Ila mkono haukurudi, mguu haukurudi, na neno hata moja halijarudi. Dada anasema ni kisasi cha jini. Ananiambia usilie, wewe ulifanya yako, ulisema kweli.

Mimi ndiye ninayemhudumia sasa. Kila nikiingia na chai, mama ananitazama, anainua mkono wake mzima, wa kushoto, ananyanyua kidole kimoja. Kimoja tu. Anakishikilia hapo mpaka mkono utetemeke. Dada anadhani anaomba maji.